Mpiga Deki wa Vyungu vya Haya

Fundi cherehani alipompa kwa makosa suruali ya mtu mwingine, aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda nayo nyumbani. Ilimpwaya kiunoni na kumkomea juu ya vifundo vya miguu, kwa kuwa mwenyewe wa haki alikuwa mnene na mfupi, naye alikuwa mrefu mwembamba kama mpini wa fagio lake. Mkewe alimwambia airudishe. Alisema ataenda kesho. Kesho hiyo haikufika, maana kusimama mbele ya fundi na kumwambia, "Umekosea," kulimwia kuzito kuliko kulivaa kosa lile kazini kwa miaka. Majirani walimwita Samahani, kwa sababu neno hilo lilimtoka kabla ya salamu na baada ya salamu, na siku moja walimwona amejikwaa kwenye kiti kitupu akakiomba radhi.

Mola alipomuumba mwanadamu hakumpa manyoya wala magamba. Alimpa haya imsitiri. Wengi wetu tumekatiwa vazi hilo kwa kipimo cha mwili. Samahani alikatiwa pana, likamburuta, likawa linamkwaza kila alipojaribu kupiga hatua mbele ya watu. Wajuzi wa elimu ya nafsi hutenganisha mambo mawili yanayofanana usoni: haya inayomzuia mtu kutenda ovu, na unyonge unaomzuia kusema haki. Yeye hakuwahi kuyatenganisha. Yote mawili yalikaa ndani yake kama maji na maziwa katika kikombe kimoja, na riziki yake, kwa ajabu ya dunia hii, ilitokana na mchanganyiko huo.

Alikuwa mpiga deki katika chuo kikuu cha wateule. Kuta za chuo hicho zilikuwa nene, nyasi zake zilikatwa kila wiki na watu waliokatazwa kuzikanyaga, na juu ya lango yalichongwa maneno ya lugha ambayo hakuna aliyeisoma tena isipokuwa kwa kujionyesha. Nyuma ya maktaba palikuwa na nyumba ya mawe isiyo na kibao. Humo ndimo walimokutana Ndugu wa Nuru, chama cha siri ambacho siri yake ilijulikana hata kwa wauza magazeti. Mwanafunzi aliyeingizwa humo alitoka na uhakika wa cheo: huyu jaji, huyu waziri, yule mkurugenzi wa benki. Wasioingizwa waliwaita Wakavu, kwa vile walivyokuwa na macho makavu, wakawasema vibaya mchana kutwa, kisha wakaomba moyoni wachaguliwe.

Mpenda hadithi za kutisha angetaka kusikia kwamba Ndugu hao walikutana usiku wa manane kwa mwanga wa mishumaa. La. Walikutana mchana, baada ya chakula, kwa kuwa wakubwa wao walikuwa na kisukari na walihimizwa na madaktari kulala mapema. Majoho meusi waliyavaa, ni kweli, pamoja na kofia zilizofunika uso hadi puani. Lakini feni iliwashwa.

Samahani aliajiriwa humo kwa usaili wa aina yake. Aliingizwa ukumbini, wazee wakakaa mbele yake, na mmoja wao, Jaji Mstaafu aliyekuwa mkuu wa chama, akaanza kumtukana. Alimtukana sura, akamtukana mavazi, akamtukana mwendo, akamuuliza kama mama yake alimzaa au alimwangusha. Samahani aliinamisha macho, masikio yakamwaka moto, akasema, "Samahani, mheshimiwa." Wazee walitazamana kwa furaha kama wanunuzi waliopata ng'ombe wa maziwa.

"Huyu anafaa," alisema Jaji. "Haya yake haijapungua hata tone."

Alipewa ndoo, tambara na ufunguo wa chumba cha chini. Hawakumwapisha. Kila Ndugu wa Nuru alikula kiapo cha kutisha kinachotaja ulimi, shingo na kizazi. Lakini ni nani angepoteza kiapo kizuri kama kile kwa mpiga deki?

Chumba cha chini kilikuwa na rafu za mawe, na juu ya rafu vilipangwa vyungu vya udongo vyenye vifuniko, kila kimoja kimeandikwa kwa chaki cheo cha mwenyewe, ili kifutwe na kuandikwa upya anapopanda. Ndani ya kila chungu mlikuwa na haya ya mtu mmoja. Waanzilishi wa chama waligundua zamani kwamba kinachomchelewesha msomi katika safari ya madaraka si upungufu wa akili, kwani wengi walipanda bila hiyo, bali ni haya; wakafunga mkataba na kitu kilichokuwa kikikaa ndani ya kisima kikavu uani, nacho kikawafundisha namna ya kuitoa. Mkuu wa chama humsimamisha kijana, humshusha macho kwa maneno mpaka uso umpate joto, kisha humpangusa mashavu kwa kitambaa cheupe na kukikamulia chunguni. Tone moja huanguka, zito kama asali. Uso hupoa. Kuanzia hapo macho ya kijana hayashuki tena mbele ya kitu chochote, liwe kaburi au kioo.

Lakini haya haifi. Ilipokosa uso wa kutokea, ilitokea chunguni. Waziri aliposema redioni kwamba hospitali zote zina dawa, chungu chake kilianza kutoa jasho kabla hajamaliza salamu. Cha mkurugenzi wa benki kilitiririka kila mwisho wa mwezi. Cha mhariri mmoja hakikukauka kabisa, kikaota ukungu. Msimu wa kampeni Samahani alilazimika kuomba ndoo ya ziada. Kimoja tu, cha mtu aliyestaafu mapema akaenda zake kufuga nyuki, kilikuwa kikavu mwaka hadi mwaka. Hicho alikipangusa vumbi kwa heshima na kukitandikia kitambaa.

Jasho lilishuka rafuni, likakusanyika sakafuni, nalo lilikuwa na harufu ya jambo lenyewe, wazi kama harufu ya kitunguu. Lau lingepita chini ya mlango na kuingia katika mfereji wa mtaani, kila mpita njia angejua nani amefanya nini. Kazi ya Samahani ilikuwa kulifuta lisifike mlangoni, kulikamulia ndooni, na kwenda kulimwaga katika kisima kile cha uani, ambacho hakikujaa kamwe. Kila alipomwaga alisikia, chini kabisa, mlio wa kumeza. Alikiomba samahani kitu hicho pia, akarudi ndani.

Walimtafuta mtu wa namna yake kwa sababu vyungu havikuvumilia kuingiliwa na mkavu wa macho, vilitibuka vyote. Yeye alipiga hodi mlangoni, akangoja kidogo, akaingia ameinamisha uso, na vyungu vikatulia kama watoto waliomwona mlezi waliyemzoea. Aibu ya maiti, walisema wahenga, aijuaye mwosha. Huyu aliwaosha walio hai, waliopita mjini kwa magari yenye ving'ora, na hakumwambia mtu. Tusimpambe, hakukifunga kinywa kwa uaminifu. Alikifunga kwa sababu kuyataja mambo yale kungemfanya yeye aone haya.

Binti yake mkubwa alikuwa akisoma sheria katika chuo hicho hicho. Aliingia kwa ufaulu wake bila kumjua mtu, jambo lililowashangaza wenzake hata wakamuuliza mara kadhaa kama ana uhakika. Kichwa alirithi kwa mama yake, mashavu kwa baba yake. Hoja alizoandika zilisomwa darasani kwa sifa. Lakini alipoitwa azitetee mwenyewe katika mahakama ya mazoezi, alisimama, akatazama viatu vyake, akasema, "Mheshimiwa," na hapo maneno yakakata kama maji ya bomba. Wenzake walicheka. Mmoja alimwigiza kantini wiki nzima. Alirudi nyumbani, akajifunika shuka gubigubi, akamwambia mama yake kwamba afadhali angezaliwa jiwe.

Ndipo Daktari alipomwita. Huyu alikuwa mhadhiri wake, mpole wa sauti, msafi wa kola, naye alikuwa miongoni mwa Ndugu wa Nuru. Alimwambia kwamba yeye pia zamani alikuwa hivyo, hawezi kuagiza chai bila kutetemeka, na kwamba dawa yake ipo, tena ni ya mchana mmoja. Jina la binti limepitishwa. Shughuli ni Alhamisi.

"Wanaondoa nini hasa?" aliuliza mama mtu siku ile jikoni, mwiko mkononi.

"Mzigo tu, mama. Woga."

"Basi wauondoe. Na wakimaliza wamchukue na baba yako, wake wautoe kwa jembe."

Samahani alikuwa anakunywa chai pembeni. "Mama watoto..." alisema.

"Mama watoto nini? Sema."

"Si woga wanaoutoa. Ni haya."

"Haya?" Mkewe alivuta kiti akaketi mbele yake. "Haya imetuletea nini humu ndani, baba watoto? Kwenye foleni unasukumwa nyuma mpaka duka linafungwa. Paa linavuja, unakwenda kumwomba radhi mwenye nyumba. Suruali ya watu hiyo hapo umeivaa. Mficha uchi hazai. Mimi mpaka leo nashangaa hawa watoto nimewapataje."

"Mama, jamani," alisema binti. Alikuwa amecheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Akamgeukia baba yake. "Baba, wewe unafanya kazi kwao. Kuna ubaya umeuona?"

Swali hilo lilikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Yote yalimjaa kooni: waziri na dawa zake, mhariri na ukungu wake, kile kisima kinachomeza. Lakini kuyasema ilibidi ataje harufu, na harufu nyingine hazitajwi mbele ya binti yako. Alikitazama kikombe.

"Sakafu inalowa," alisema.

"Sakafu inalowa," mkewe alirudia pole pole. "Umesikia, mwanangu? Huo ndio ushauri wa baba yako."

Siku zilizobaki alikwenda mlangoni kwa binti kila jioni. Alipiga hodi, akaomba samahani, akauliza kama amekula, akarudi. Mkewe alimsikiliza nyayo zinavyokwenda na kurudi, akasema huyu mtu akiungua moto atamwomba jirani ruhusa ya kupiga kelele.

Alhamisi, baada ya chakula, Ndugu wa Nuru waliketi ukumbini katika majoho yao. Mmoja wa wakubwa alikuwa amekwisha sinzia ndani ya kofia yake, na wenzake walimwacha, kwa vile kofia hiyo ilizuia isijulikane ni nani anayekoroma. Binti alisimamishwa katikati. Kwa desturi ya nyumba ile, mpiga deki ndiye aliyeleta chungu kipya na kukishika chini ya kidevu cha kijana wakati kitambaa kinakamuliwa. Samahani aliingia nacho akasimama mahali pake. Hakuna aliyejua kwamba hao wawili ni jamaa. Haikuwahi kumpitia mtu yeyote mle akilini kwamba mpiga deki huwa na watoto.

Jaji alianza na swali la kanuni. "Kijana, una neno la kupinga?"

Binti aliinamisha macho.

Kanuni hiyo ilitungwa na watu wajanja: anayenyamaza ameridhia. Na kwa kuwa walioletwa pale wote walikuwa watu wenye haya, hapakutokea hata mmoja katika historia ya chama aliyefungua kinywa. Majaji, mawaziri na wahariri wale wote waliingia katika utukufu wao kwa kushindwa kusema hapana.

"Amenyamaza," alisema Jaji. "Kwa hiyo ameri..."

"Bado," ilisema sauti.

Watu waliangaza wapi imetoka. Samahani naye aligeuka kuitafuta, kisha akatambua kwamba ni yake.

"Nani kasema?"

"Samahani, mheshimiwa. Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mpiga deki."

Jaji aliinua kofia ili amwone vizuri. "Chungu kina tatizo?"

"Hapana, mheshimiwa. Chungu ni kizima."

"Basi kiinue."

"Sitaweza. Huyu ni mwanangu."

Kofia zote zilimgeukia binti, zikamgeukia baba, zikamgeukia Daktari aliyekuwa ameketi karibu na feni.

"Daktari," alisema mmoja, "umetuletea mtoto wa mpiga deki?"

"Nimeleta kichwa," alijibu Daktari. "Baba yake sikumkagua."

Masikio ya binti yalikuwa yamewaka. "Baba," alinong'ona bila kuinua uso, "tafadhali. Nenda nje."

"Nitakwenda, mama. Ngoja niseme moja."

"Usiseme."

Katibu wa chama alisimama akatamka kwamba mpiga deki hana sauti katika kikao. Jaji, ambaye sheria ilikuwa imebaki kwake kama mazoea tu, alimuuliza ni kanuni ipi inayosema hivyo. Katibu alifikiri. Haikuwapo. Waanzilishi hawakuona haja ya kumpiga marufuku mpiga deki asiseme, kama vile hawakuona haja ya kuipiga marufuku ndoo.

Samahani alikikumbatia chungu kifuani. Mtu mwingine angetoa hotuba. Yeye alisema hivi, akikitazama chungu:

"Waheshimiwa, jasho lenu nimelifuta lote. La wizi nimelifuta, la uongo nimelifuta, na lile lingine, samahani, la mheshimiwa mmoja na mke wa mheshimiwa mwingine, na wote mko hapa, hilo nalo nimelifuta. Sina kinyongo, ni kazi. Lakini la mwanangu sitaweza. Nitaijua harufu yake. Tafuteni mtu mwingine wa kulifuta, au mumwache."

Mahali pengine maneno hayo yangeangusha nyumba. Pale hayakuangusha hata kofia. Hakuna aliyefadhaika, kwa kuwa vifaa vyote vya kufadhaikia vilikuwa chini rafuni. Waheshimiwa waliotajwa walipungiana mikono kwa uchangamfu kutoka pande mbili za ukumbi. Ila chini ya sakafu ilisikika sauti ya maji.

Binti aliinua uso. "Jasho gani, baba?"

"Lipo chini."

"Nataka kuliona."

Jaji alipandisha mabega. "Mwonyesheni. Daktari, nenda nao. Sisi tunaagiza chai."

Mlangoni mwa chumba cha chini Samahani alipiga hodi, akangoja. Binti yake alimwona akiinamisha kichwa mbele ya giza lile, suruali imemwishia juu ya vifundo, na kwa tabia ya nyumbani kwao naye akainamisha chake. Daktari alipita katikati yao bila hodi. Vifuniko vya vyungu vilitikisika rafu zote.

"Ndivyo hivi," alisema Daktari kama mwenye nyumba anayewatembeza wageni. "Changu kile pale, Mhadhiri Mwandamizi. Itabidi chaki ifutwe, karibu napandishwa. Usitishwe na unyevu."

"Inauma?" aliuliza binti. "Ikishatoka?"

"Hakuna kinachouma. Hapo ndipo penyewe. Ngoja nikupe mfano. Mama yangu alifariki mwaka jana. Alikuwa ananiita, tena na tena. Dada yangu akapiga simu, akasema mama hataki kitu, anataka umshike mkono tu. Nikamwambia nina mada ya kuwasilisha. Nikaiwasilisha, nikapigiwa makofi, nikalala. Asubuhi wakaniambia amekufa. Unajua nilisikia nini moyoni?"

Binti alitikisa kichwa.

"Njaa," alisema Daktari. "Wewe ungelia mwaka mzima. Mimi niliagiza mayai."

Nyuma yake chungu chake kilikuwa kimeanza. Hakikutoa jasho, kilimwaga. Maji yalikisukuma kifuniko, yakashuka rafu kwa rafu, yakaenea sakafuni, nayo yalinuka dawa za hospitali, na shuka za kitandani, na mafuta ya nywele ambayo huyapaka ajuza peke yao, hata chumba kizima kikajaa mama wa mtu. Yalimfikia Daktari miguuni. Aliyatazama, akainua mguu mmoja, akasogea pembeni yasimharibie ngozi ya kiatu.

"We bwana," alimwambia mpiga deki, "hapa pafutwe."

Samahani alikuwa amekwisha piga magoti. Alifuta pole pole, kama anayempangusa mgonjwa, na uso ulimwaka kwa jambo ambalo si yeye aliyelitenda. Binti alimtazama. Kisha alichuchumaa upande wa pili, akashika ncha ya tambara, wakalikamua pamoja.

Walipopanda, chai ilikuwa imefika. Jaji hakusahau taratibu. Aliuliza tena, biskuti mdomoni. "Kijana, una neno la kupinga?"

"Mheshimiwa," alisema binti, na maneno yakakata.

Baba yake alikuwa amefika mwisho wa ujasiri wake. Neno lake moja la maisha alikuwa amekwisha kulitumia, na hata angekuwa na la pili, lisingefaa kitu, maana aliyeulizwa hakuwa yeye. Feni tu ilisikika, na mzee anayekoroma.

"Amenyamaza," alisema Jaji, akikung'uta makombo kwenye joho, akaunyoosha mkono kuelekea kitambaa.

"Sitaki."

"Sauti."

"Sitaki. Sitaki, mheshimiwa, samahani."

Hakuinua uso. Aliyasema yote hayo akivitazama viatu vyake, kwa sauti ndogo, na mashavu yamemwiva. Hakupona hata kidogo siku ile. Lakini katika nyumba ile neno hilo lilikuwa halijapata kusikika, na mzee aliyesinzia aliamka akauliza kumetokea nini.

Jaji hakukasirika. Anayekasirika kwa kukataliwa lazima awe na pa kuumia. Alimwachisha Samahani kazi kati ya biskuti moja na nyingine, akaagiza aitwe kijana anayefuata, naye aliletwa, akanyamaza.

Nafasi ya mpiga deki ilitangazwa baadaye. Waombaji walikuja wengi, wenye shahada wakiwa tele miongoni mwao, wakatukanwa kwa utaratibu ule ule. Wengine walijibu matusi kwa matusi, wengine walicheka, mmoja aliuliza kama matusi hayo yana posho. Hakupatikana aliyeinamisha macho. Basi jasho likafika mlangoni, likapita chini yake, likaingia mferejini na kutokea mtaani, na watu wakainusa harufu, wakajua nani amefanya nini. Anayetarajia kusikia kwamba nchi ilitikisika atangoja sana. Watu walinusa, wakasema, "Ah, hilo tulilijua," wakaziba pua, wakaenda kupiga kura kama zamani.

Lakini hayo yalikuwa bado. Alhamisi ile baba na binti walitoka kwa lango kubwa, binti mbele, baba nyuma. Habari ilikuwa imewatangulia, maana chama cha siri hakina siri kwa mpishi wa chai. Walipopita kantini, yule mwigizaji alisimama juu ya benchi, akatazama viatu vyake, akasema, "Sitaki, mheshimiwa, samahani," na meza zote zikacheka. Binti aliongeza mwendo. Barabarani alisimama ghafla akageuka, na baba yake nusura amgonge.

"Baba, umeniaibisha."

"Mimi?"

"Mbele ya walimu wangu wote. Ya mke wa mheshimiwa ulikuwa na haja gani ya kuyasema? Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani."

Samahani alimchungulia. Mashavu yalikuwa yamemvimba kwa joto, masikio yamemwiva, macho yalipanda nusu ya uso wa baba yake, yakashindwa, yakashuka. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Sana?" aliuliza.

"Sana, baba. Hata sijui kesho nitaingiaje darasani."

"Lakini utaingia?"

"Nitaingia, nitafanyaje?"

"Mungu ashukuriwe," alisema Samahani.

"Unacheka?"

"Hapana, mama. Samahani."

Alikuwa anacheka. Aliufunika mdomo kwa kiganja, kicheko kikamtokea puani. Nyumbani mkewe alikuwa anangoja habari za cheo, na habari yenyewe ilikuwa kwamba kazi hakuna. Hilo alilijua, na bado hakuweza kujizuia. Binti alimtazama kwa ghadhabu, akamwacha hapo barabarani akatangulia, kichwa amekiinamisha, na baba yake akamfuata kwa mbali ili asimzidishie aibu.